Tathmini ya karakana ya sanaa ya Njiro: kutoka kwenye shairi hadi kazi ya mwisho

Mwanafunzi wa sanaa anayeambiwa atengeneze kazi ya mwisho kutokana na shairi huwa na shida ambayo duka la rangi haliwezi kuimaliza, kwa sababu tatizo lake la kwanza ni kujua achukue nini katika shairi na aache nini. Huduma ninayoitathmini hapa inashughulikia tatizo hilo hasa. Inatolewa siku za Jumamosi na karakana moja ya uchoraji iliyoko Njiro, Arusha, yenye duka dogo la vifaa upande wa barabarani na chumba kirefu cha kufanyia kazi nyuma yake. Niliifahamu kupitia binti wa dada yangu, ambaye yuko kidato cha nne katika shule inayofuata mtaala wa Cambridge na ambaye aliandaa kazi yake pale. Nami, kwa kuwa ninafundisha Kiswahili na shairi lenyewe lilikuwa la Kiswahili, nilikaa kwenye vipindi hivyo zaidi ya walezi wengi wanaomshusha mtoto getini na kuondoka.

Nieleze kwanza kinachodaiwa, maana wazazi wengi hulipia maandalizi ya aina hii bila kujua mtahini anatafuta nini. Katika ngazi hiyo ya Cambridge, kazi ya somo la sanaa hupimwa kwa vigezo vinne vyenye uzito sawa: kurekodi yale mwanafunzi aliyoyaona, kuchunguza vifaa na mbinu, kuendeleza wazo, na kuwasilisha. Kazi ya kozi huwasilishwa kwa karatasi zisizozidi nne za ukubwa wa A2, yaani milimita 420 kwa 594, zinazoonyesha maandalizi, pamoja na kazi moja ya mwisho. Kwa hiyo picha nzuri isiyo na safari ya kuifikia haitampatia mwanafunzi alama za juu, hata kama kila mgeni anayeingia sebuleni ataisifu. Mwenye karakana, ambaye ni msanii mwenye umri wa kutosha kuitwa babu na wanafunzi wake ingawa wote humwita mwalimu, anaielewa hesabu hiyo vizuri, na kila kipindi chake kimepangwa kuzunguka karatasi hizo nne.

Shairi alilolichagua binti ni Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, utenzi uliotungwa takribani miaka 200 iliyopita kuhusu mji wa Pate, katika visiwa vya Lamu. Mshairi anazungumza na moyo wake mwenyewe, anauonyesha magofu ya majumba ya matajiri waliokwisha kufukiwa, na anauonya usihadaike na dunia. Kwa mchoraji, utenzi huu umejaa kupita kiasi. Zimo taa za bilauri na za shaba zilizougeuza usiku kuwa mchana, vimo vidaka vya ukutani vilivyokuwa na visahani vya kaure na ambavyo sasa vimekuwa malazi ya makinda ya ndege, yamo makinda ya popo yanayoning'inia ndani ya nyumba zilizohamwa, na mwishoni umo moto wa jahanamu kwa majina yake. Lugha ni Kiamu cha zamani, yaani lahaja ya Lamu, kwa hiyo mwanafunzi aliyelelewa Arusha anahitaji nakala yenye ufafanuzi wa maneno na mtu mzima wa kusoma naye polepole. Kazi hiyo ya kusoma ilikuwa yangu, na karakana haikujifanya kuiweza. Msanii alisema wazi kwamba yeye si mtu wa mashairi na akaniomba niwepo.

Binti alifika na mchoro wa penseli uliokuwa na kila kitu: nguzo zilizoanguka, popo, taa, mifupa, na ndimi za moto zikila pembe ya chini ya karatasi. Msanii hakuusema vibaya. Aliuweka kando, akamwomba asome kwa sauti zile beti za magofu peke yake, kisha afunge kitabu na aandike kwenye daftari la michoro vitu vitatu ambavyo bado anaviona. Binti akaandika visahani, popo na mwanga wa taa. Akaambiwa afute viwili.

"Mwalimu, nikimfuta popo si nitakuwa nimeliacha shairi lenyewe?"

"Shairi liko kitabuni, mwanangu, wala haliendi popote. Yaliyobaki mshairi ameshayafanya yeye. Wewe nitafutie kitu kimoja ambacho mtu akikiona atataka kujua kimetokea wapi."

Alibaki na visahani. Kwa maoni yangu, ada yote ya kozi ilijilipa katika dakika zile, kwa sababu nimeona wanafunzi wengi wa rika lake wakitumia muhula mzima kuchora ubeti baada ya ubeti, na mwisho wake wanapata bango linaloeleza shairi kwa mtu ambaye angeweza kulisoma mwenyewe.

Ili asione kwamba amepunguziwa kazi, aliwekewa mezani picha mbili zilizochapishwa kwenye karatasi nzito. Ya kwanza ni ya Charles Demuth wa Marekani, ya mwaka 1928, inayotokana na shairi fupi la rafiki yake William Carlos Williams kuhusu gari la zimamoto linalopita usiku katika mvua. Katika shairi lote, Demuth alichukua hasa namba 5 ya dhahabu iliyokuwa kwenye gari lile jekundu, akairudia mara tatu kwa ukubwa tofauti, hata ikawa kama inamwendea mtazamaji au inamkimbia. Ya pili ni ya Anselm Kiefer wa Ujerumani, ya mwaka 1981, ambayo msingi wake ni shairi la Paul Celan kuhusu kambi walimouawa Wayahudi. Shairi hilo linataja nywele za dhahabu za mwanamke aitwaye Margarete, na Kiefer, badala ya kuzichora nywele hizo, alibandika mabua makavu kwenye kanvasi. Binti alielezwa kwamba mchoraji wa kwanza anamfundisha kuchagua, na wa pili anamfundisha kwamba kitu chenyewe kilichotumika kinaweza kubeba maana ambayo rangi isingeibeba. Ningependa mwalimu aongeze mfano wa tatu, kama ule wa John William Waterhouse ambaye mwaka 1888 alichora tukio la shairi la Tennyson, akamwonyesha mwanamke mzima ndani ya mashua yake, kwa kuwa wapo watoto wenye kipaji cha kusimulia, na hao hawafai kubanwa kwenye kitu kimoja kwa lazima. Nilimwambia hivyo, akanisikiliza kwa heshima, lakini sikuona kama alibadili utaratibu wake.

Lililofuata ndilo lililonifanya niamue kuandika tathmini hii. Arusha haina majumba ya mawe ya matumbawe wala vidaka vya chokaa. Njia rahisi ingekuwa kunakili picha za Lamu kutoka kwenye intaneti, na ndiyo njia ambayo wanafunzi wengi huifuata, ijapokuwa mchoro uliotokana na kitu halisi kilicho mbele ya macho una nguvu kubwa zaidi katika kigezo cha kurekodi. Msanii alimuuliza binti swali moja tu: kwao, visahani vizuri huwekwa wapi? Jibu likampeleka Tengeru, kwa bibi yake, kwenye kabati la vioo la sebuleni.

Kila mtu wa huku analijua kabati la namna hiyo. Vikombe vya chai vyenye maua ya waridi vimepangwa juu ya visahani vyake, katikati pana birika la kaure lisilotiwa chai isipokuwa akija padri, vitambaa vya kufuma vimekunjwa pembetatu vikaachwa vining'inie kwenye ukingo wa kila rafu, na juu kabisa zipo glasi za harusi ya mtoto wa kwanza. Bibi alikubali kabati lifunguliwe kwa sharti kwamba yeye mwenyewe ndiye atakayetoa na kurudisha kila chombo. Binti alichora kwa penseli ya 4B na kwa mkaa, kwanza vyombo vikiwa ndani, halafu kioo chenyewe na migomba ya nje iliyokuwa ikionekana juu yake, halafu rafu moja baada ya vyombo kutolewa. Katika rafu ile aliona jambo ambalo lisingeonekana kwenye picha yoyote ya intaneti: vumbi jembamba lilikuwa limetanda kila mahali, na pale kila kisahani kilipokuwa kimekaa palikuwa na duara safi, mbao ikiwa na rangi yake ya zamani, ukingo wake ukiwa mkali kama uliochorwa kwa bikari. Aliichora rafu hiyo tupu kwa ukubwa wa karatasi nzima. Jumamosi iliyofuata msanii alikitazama kile kipande kwa muda, akaniuliza mimi, si binti, kama utenzi unasema kitu kingine tofauti na kile. Nikamjibu kwamba hausemi.

Tangu hapo kazi ya mwisho ilikuwa imeshapata umbo lake: ubao mmoja wa rafu tupu, wenye vumbi na maduara ya vyombo vilivyoondoka, bila popo, bila mifupa, bila maandishi. Kilichobaki kilikuwa kuamua vumbi litatengenezwa na nini, na hapa karakana ilionyesha ustadi wake wa vifaa. Binti alifanyishwa majaribio kwenye vipande vya ubao vyenye ukubwa wa kiganja, kila kimoja kikiandikwa nyuma kilichochanganywa na kwa kiasi gani. Unga wa mkaa ulitoa rangi nzuri lakini ulichafua kila kilichougusa. Rangi ya akriliki ya kahawia, hata ilipopakwa nyepesi, ilionekana ni rangi tu. Ndipo akaambiwa akachote vumbi la barabarani, ambalo kwetu ni laini sana kwa sababu udongo wa miteremko ya Meru umetokana na volkano, alichekeche kwa chujio la chai, na alijaribu pamoja na gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji. Gundi ilipozidi, vumbi liligeuka jeusi na kung'aa. Ilipopungua, lilibanduka kwa pumzi. Njia iliyofaa ilikuwa kupaka gundi nyembamba juu ya ubao, kuweka miduara ya nailoni iliyokatwa kwa kufuatisha visahani vya bibi, kunyunyizia vumbi kavu kutoka juu kwa chujio, na kuing'oa miduara hiyo gundi ikiwa imeshika lakini haijakauka kabisa, maana ikikauka ukingo wa duara huchanika. Vipande vyote vya majaribio, pamoja na vile vilivyoharibika, vilibandikwa kwenye karatasi za maandalizi, na sidhani kama kigezo cha kuchunguza vifaa kinaweza kujibiwa vizuri zaidi ya hapo.

Kuhusu ubao wenyewe, mzazi asilazimike kununua kanvasi. Msanii alishauri hadibodi iliyopigwa msasa na kupakwa mikono miwili ya rangi nyeupe ya ukutani, kwa sababu haipindi kirahisi kama kitambaa na kwa hiyo tabaka la vumbi halipasuki. Wapo wazazi wanaoona hadibodi ni kitu cha chini, nao wakumbuke kwamba Edward Saidi Tingatinga alianza kwa hadibodi na rangi za baiskeli huko Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, na mtindo wake leo unaning'inia katika kila duka la watalii la mji huu.

Jambo jingine linalonifanya niiamini karakana hii ni kwamba mwalimu hagusi kazi ya mwanafunzi. Akitaka kuonyesha mbinu, huionyesha kwenye karatasi yake mwenyewe, kisha huichukua na kuiweka mbali. Nilimsikia akimkatalia mzazi aliyetaka "amalizie kidogo" mchoro wa mwanawe, na alimkatalia kwa upole mbele ya mtoto mwenyewe, jambo ambalo nadhani mtoto yule hatalisahau. Mjini wapo wachoraji hodari ambao ukiwalipa watakuletea kazi nzima, na ninajua kwamba baadhi ya familia hufanya hivyo. Huo ni udanganyifu katika mtihani, na mwanafunzi hutoka humo akiwa na cheti bila mkono.

Sasa niseme yasiyoridhisha, nayo si madogo.

Duka la mbele ni dhaifu kuliko darasa la nyuma. Karatasi nzito za A2 hukosekana wakati zinapohitajika zaidi, kanvasi zilizokwisha kuwambwa zimepakwa msingi hafifu kiasi kwamba rangi hunyweka na kufifia, na bei za gundi na brashi za kawaida ziko juu kuliko za maduka ya vifaa vya shule ya katikati ya mji. Hadibodi, gundi ya mbao, msasa na rangi nyeupe mnunulie mtoto kwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambako pia watamkatia ubao kwa kipimo anachotaka. Vinavyofaa kununuliwa Njiro ni mkaa wa kuchorea na penseli laini, ambazo ni nzuri na si rahisi kuzipata kwingine.

Chumba cha kazi kina madirisha upande mmoja tu. Baada ya saa kumi jioni mwanga hupungua, na umeme ukikatika wanafunzi huhamia barazani, ambako upepo ni adui wa mtu anayefanya kazi na vumbi kavu. Kadiri mitihani ya Mei na Juni inavyokaribia, darasa hujaa kupita kiasi, na mwanafunzi mpole anaweza kumaliza saa tatu akiwa amesemeshwa mara moja. Msanii anapaswa kuweka kikomo cha idadi, hata kama itambidi kupandisha ada, kwani anachokiuza ni muda wake wa kumtazama mtoto mmoja akifikiri.

Malalamiko yangu makubwa ni ya fremu. Karakana hupokea kazi ya fremu na kuipeleka kwa fundi wake, na tuliahidiwa ingekuwa tayari wiki moja kabla ya siku ya kuwasilisha. Ilikuja usiku wa kuamkia siku hiyo, ikiwa imetengenezwa kwa mbao ambazo hazijakauka, na pembe moja ilikuwa imeanza kuachia kabla hatujafika nyumbani. Mwalimu aliomba radhi na kurudisha pesa bila kubishana, lakini kwa mwanafunzi aliyekwisha kuchoka lilikuwa jambo la kumvunja moyo, na kazi iliwasilishwa bila fremu. Ukihitaji fremu, tafuta seremala unayemfahamu, mpe vipimo mapema, na hakikisha mbao zimekauka.

Pamoja na kasoro hizo, ningempeleka tena mtoto mwingine pale, ila ningempeleka mapema, mwanzoni mwa mwaka wa masomo, wakati darasa lina nafasi na majaribio yanaweza kuharibika bila hofu. Huduma hii inamfaa zaidi mwanafunzi anayejua kuchora lakini hajui achore nini. Ambaye mkono wake bado ni mzito atahitaji kwanza darasa la kawaida la kuchora, ambalo karakana pia inalo siku za katikati ya juma. Shairi likiwa gumu kilugha, mtafutie mwalimu wa Kiswahili wa kulisoma naye kabla hajafika Njiro, kwa sababu msanii hatalifafanua na hana haja ya kufanya hivyo. Ada tuliyolipa ilikuwa shilingi 20,000 kwa kipindi cha saa tatu, vifaa mbali, na malipo hupokelewa taslimu au kwa simu. Kipindi cha kwanza cha kusoma shairi hakitozwi chochote, na mwanafunzi anatakiwa kufika na shairi lililoandikwa kwa mkono wake mwenyewe, daftari tupu na penseli moja.